Munkoyo Yenye Ilikataa Kuwa Maji

Batoto yangu beko na wimbo moja tu: Mama anasahau. Miye! Miye yenye niko na majina ya bantu yote ya ile kambi ya reli kwenye baba yangu alitumika, nyumba kwa nyumba, jina ya ubatizo, jina ya ukoo, na ile yenye batoto balikuwa banamuitaka akipita. Humu siandiki hata moja, juu bengine beko bazima na bajukulu yao banapenda kuya kulalamika ku mulango. Lakini muniulize tu, mutaona.

Yote ni sababu ya sufuria moja ya maharagwe. Niliiacha ku mbabula, jiko yangu ya makala, nikaenda kusalimia jirani yenye alifiwa, na muntu akienda ku kilio hawezi kusalimia akiwa anasimama. Nikaikala. Nikarudia, makala ilishawaka yote, maharagwe imekuwa nyeusi, moshi imejaa mpaka mu chumba. Basi. Hakuna muntu aliungua, hata pazia haikuungua. Lakini mutoto wangu wa kwanza, yule yenye anaikala mu mutaa ya Golf, akakamata ile maharagwe akaifanya ugonjwa.

"Mama, utahama Makomeno. Utaikala kwetu, kuko chumba, kuko muntu wa kukupikia."

"Nani alikuambia niko na njaa?"

"Mama, tunaogopa moto."

Nikakataa. Akakataa kukataa kwangu. Mwisho akasema, na ile sauti ya bureau, ya mukubwa wa kazi, yenye anatumiaka: "Sawa. Tuone Noeli. Noeli ikipita bila matata, utabakia. Kukitokea kintu kingine, tunafunga bintu yako, hakuna mashauri."

Muone kwanza. Nilizaa muntu, nikamupeleka ku masomo, sasa njo ananipa examen.

Mu familia yetu Noeli bila munkoyo si Noeli. Soda banaleta, keki banaleta, lakini tukitoka ku misa muntu yote anauliza: ndoo iko wapi? Kwa yenye hajue: munkoyo ni uji ya unga ya muhindi. Unaipika mpaka inaiva kabisa, unaitosha ku moto, unangoja ipoe. Kisha unatia maji ya mizizi ya munkoyo yenye ulitwanga. Ile mizizi njo inalegeza uji. Saa chache inakuwa maji, kesho yake iko tamu bila sukari. Lakini uji lazima ipoe mpaka mukono inaweza kuikala ndani bila kukimbia. Ukitia mizizi mu uji ya moto, umeua mizizi, na utabakia na uji yako mpaka dunia iishe. Hata mutoto mudogo wa kwetu anajua ile.

Siku mbili mbele ya Noeli, bibi ya mutoto wangu, muke wake wa ndoa, akafika asubuhi na batoto yao bane. Yeye bazazi yake ni bantu ya Kasai, lakini alizaliwa hapa hapa Lubumbashi. Anauzisha bitambaa, anaandika kila kintu mu kaye, hata bei ya tomate. Ananiita Maman. Mu nyumba ya bazazi yake habapikake munkoyo, na miye, niseme ukweli, miaka yote nilikuwa ninamufukuza karibu na sufuria. "Weye twanga." Basi anatwangaka mizizi, muzuri kabisa, na anainua macho kuangalia, na miye ninamugeuzia mugongo.

Ile siku aliikala ku kinu, miye niko ku uji, na bajukulu beko banapamba nyumba. Kupamba! Balikata kaye ya masomo bakafanya minyororo ya karatasi, muzuri, lakini gundi balipikia na unga yangu, yenye ilibakia kwa bitumbula, mandazi yetu ya Noeli. Kisha nikaona pamba. Pamba yote ya sanduku ya dawa, beko banaitawanya ku tawi ya sipre yenye balikata ku lupango ya jirani ikuwe sapin, muti ya Noeli.

"Ni nini hii?"

"Kambo, ni theluji!"

"Theluji ya nani? Muliona theluji wapi, weye na dada yako?"

"Mu telefone."

"Na muntu akijikata kisu ku Noeli, tutamufunga na telefone?"

Bakacheka mpaka bakaanguka. Miye sikucheka, juu pale njo niliona ile sipre inasimama mu nini. Inasimama mu ndoo yangu. Ndoo ya munkoyo, ya kifuniko, ile yenye hakuna muntu anagusaka hata kwa kuchota maji. Balijaza udongo mpaka juu, bakashindilia na miguu.

"Kambo, ile ingine iko na tundu, maji ya sapin itatoka."

"Sapin iko inakunywa nini? Balishaikata, imekufa! Mutoshe!"

Ikakuwa vita. Mukubwa anavuta tawi, mudogo analia sababu ya theluji yake, pamba inaingia mu matope, udongo haitaki kutoka. Nikainama miye mwenyewe na kijiko, mugongo inauma, ninatukana pole pole mu Kiluba ili basisikie. Tukaosha ndoo mara tatu. Nikarudia ku uji na hasira imenifika hapa, nikamimina uji mu ndoo, nikakamata maji ya mizizi, nikatia yote.

Bibi ya mutoto wangu akainua kichwa ku kinu.

"Maman, haiko moto bado?"

Mvuke iko inapanda mu uso yangu. Niliiona. Nikajiambia ni moshi ya mbabula.

"Unataka kunifundisha munkoyo?"

Akainama, akaendelea kutwanga, na mizizi ilishaisha mu kinu.

Beye balilala kwangu. Kesho yake, asubuhi ya mbele ya Noeli, mutoto wangu mwenyewe akaleta soda na motokari. Hata hakusalimia muzuri, akaenda mbio ku ndoo, akafungua kifuniko, akatia mwiko. Mwiko ikasimama. Haikuanguka upande huu, haikuanguka upande ule. Bajukulu bakakusanyika kuangalia mwiko yenye inasimama peke yake.

"Mama. Hii ni munkoyo ao ni bukari ya kula na samaki?"

Nikaona chumba ya Golf. Nikaona ile kuta ndefu, kwenye jirani unamujua kwa sauti ya mbwa yake tu. Hapa Makomeno nikikohoa mara mbili, muntu anauliza ku uzio kama nilikunywa dawa. Mudomo yangu ikasema mbele ya kichwa:

"Uliza bibi yako. Yeye njo alitia mizizi."

Mutoto wangu akaanza kucheka. "Ah, nilijua! Bantu ya Kasai na munkoyo, wapi na wapi!"

Ningependa alie, ao apige kelele, ao aseme: Maman, weye njo ulitia. Muntu akikataa, unaweza kubishana naye. Yeye akaniangalia kidogo tu, akafunga kitambaa ku kichwa, akasema: "Nitaenda ku soko kutafuta mizizi ingine. Maman, upike uji, tutangoja ipoe."

Akaenda. Mvua ikanyesha, ile mvua ya Desemba yenye haina heshima. Akarudia amelowa mpaka kitambaa inamushika ku miguu, na mizizi mu sashe ya plastiki, kavu. Nikakasirika naye kabisa. Muntu gani hii? Tukatia mizizi wakati uji ilipoa, na miye sikumufukuza, juu ningemufukuza na mudomo gani.

Noeli ikafika. Munkoyo ilikuwa muzuri, maji kabisa, tamu. Bitumbula ilikuwa midogo sababu ya ile gundi, lakini ilikuwa. Bote baliikala ku baraza, kikombe ku mukono, na mutoto wangu akasimama kama pasta.

"Mama ameshinda. Anabakia Makomeno. Bibi yangu njo tutamuhamisha!"

Bakacheka. Bibi yake akacheka kidogo, akamimina ingine. Kisha mutoto wangu akaanza tena: munkoyo ya Kasai unaikata na kisu. Bakacheka. Kisha mara ya tatu: ataweka tangazo ku soko, muntu asimuuzishie mizizi. Na hata yule mujukulu mudogo akamuambia mama yake: "Mama, weye haujue munkoyo." Mutoto ya miaka tano!

Ile ikanishinda. Kikombe nikaiweka chini, soda ya jirani yangu ikamwangika.

"Munyamaze! Ni miye. Miye njo nilitia mizizi mu uji ya moto. Yeye aliniuliza, nikamufokea. Na jana nikasema uongo, na leo nimekula Komunyo juu ya ile uongo, sasa muridhike!"

Mutoto wangu akaikala pole pole, na ile sauti ya bureau ikarudia.

"Basi, Mama. Unaona mwenyewe. Kesho tutafunga—"

"Utafunga nini?" Ni bibi yake. Sijawahi kumusikia na ile sauti. "Mwezi wa kumi ulisahau mutoto ku masomo mpaka saa kumi na mbili. Sentineli ya mulango akamupa mukate. Weye, nani alikuhamisha?"

"Ile ni ingine, kulikuwa réunion ku kazi—"

"Na yeye kulikuwa sapin mu ndoo yake! Maman anabakia hapa. Nitakuwa ninafika miye kila siku ya posho, kila Jumamosi, nitaangalia mbabula, na atanifundisha. Miaka kumi na saba ninatwanga tu. Nimechoka kutwanga."

Mutoto wangu akaangalia soda yake. "Sawa. Mpaka Pasaka," akasema. Ananiongezea muda kama kibarua! Nikamuambia nyumba hii baba yake alinilipia, Pasaka atakuya kula, si kuhesabu sufuria yangu.

Sasa kila siku ya posho bibi yake eko hapa asubuhi, na kaye. "Maman, mizizi ni gramme ngapi? Uji ni dakika ngapi?" Dakika! Ninamuambia mpaka inaiva. Anaandika "mpaka inaiva", anaweka mustari chini, anauliza tena. Posho iliyopita alileta jirani yake babili ya Golf, na biatu ya kisigino mu matope yangu, beye pia banataka kujua. Nikabapa mutwango moja, bapokezane. Kichwa iliniuma mpaka magaribi.