Siku Ziwa Lilipojificha

Wiki kadhaa zilizopita, pale mgahawani ninapofanya kazi karibu na stendi ya Sumbawanga, mteja wetu mmoja wa supu alinisogezea simu yake. "Dada, hebu ona wenzetu wanavyoishi." Kwenye picha kulikuwa na hoteli ya zamani, imekaa ukingoni kabisa mwa jabali, bahari iko chini, na watu wamejipanga kwenye roshani wanakunywa chai kama hawana habari kwamba wanaweza kudondoka. Akasema ni kisiwani, huko bahari ya Atlantiki, wanalala humo wakubwa wa dunia tu.

"Mbona hii naijua," nikasema.

Akacheka mpaka supu ikampalia. "Unaijua! Ulifika lini, na bodaboda?"

Nikacheka naye, maana mimi kucheka hakunipi shida. Lakini niliporudi jikoni kukanda unga wa chapati nilitia chumvi mara mbili. Kwa sababu, rafiki yangu unayesoma, mimi nimelelewa kwenye hoteli ya namna ile. Haikuwa kisiwani. Ilikuwa kwetu Ufipa, upande wa Nkasi, pale uwanda unapokatika ghafla na ukitazama chini unaliona Ziwa Tanganyika limetandazwa lote, na mabati ya kijiji cha Wampembe yanametameta mbali kama vijiko.

Ilijengwa kwa mawe, zamani za wakoloni, na mtu ambaye kila mzee alikuwa na hadithi yake juu yake. Nilipokuja kuifahamu ilikuwa mali ya bwana mmoja wa mjini ambaye sote tulimwita Bosi. Ilikuwa na mabafu makubwa yenye miguu ya chuma kama ya mnyama, sehemu ya kuwashia moto kila chumba kwa ajili ya ile baridi yetu ya mwezi wa sita, na sakafu za mbao zilizonukia nta. Mama aliolewa Mwazye na mume mwingine, mimi nikabaki na Bibi. Na Bibi ndiye aliyekuwa mwasha moto wa maji ya kuogea. Nyuma ya vyumba kulikuwa na mapipa yaliyojengewa kwa matofali, na jua likishaanza kuinama Bibi anachochea kuni, moshi unapanda, maji yanaunguruma kwenye mabomba. Aliwasha hata siku ambazo hakuna mgeni. Alisema bomba likizoea baridi linasahau kazi.

Kazi yangu niliyoipenda ni sakafu. Bibi alinikalisha juu ya blanketi kuukuu, akalishika ncha mbili, akaniburuta ukumbi mzima ili mbao zing'ae. Mimi ndiye niliyekuwa uzito. Mpishi, baba mmoja mnene mwenye sauti nyembamba, alikuwa akichungulia mlangoni na kusema, "Mama, mwongezee ugali huyo, hang'arishi!" Na kweli alinipa. Ugali wa ulezi, mweusi, na maharage yaliyolala jikoni usiku kucha, na siku akina mama wa ziwani wakipanda mlima na vikapu, basi ni samaki wa migebuka, ngozi yake imekauka moshi, ukiimenya vidole vinanukia mpaka kesho yake shuleni. Nilikuwa nimeshajichagulia chumba, kile cha pembeni chenye madirisha mawili. Watoto wenzangu walitaka kuwa manesi na madereva. Mimi nilikuwa nimepanga nikikua nitakuwa mgeni.

Tatizo ni kwamba wageni walikuwa wanakwisha. Njia ilikuwa mbaya, na kila mwaka wa mvua ilikuwa mbaya zaidi. Siku moja Bosi alikuja kutoka mjini, akatukusanya jikoni, hata mimi, akasimama bila kuvua koti. Akasema kuna watu wa kampuni ya utalii wanakuja kuiona hoteli. Wakiipenda wataleta wageni kila msimu. "Wasipoipenda nafunga. Mnisamehe, lakini nafunga."

Nilimtazama Bibi. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya jiko lile lile, ukuta mmoja na mapipa yake. Hatukuwa na shamba, hatukuwa na nyumba nyingine popote. Bosi akifunga, sisi tutalala wapi? Nadhani hata mpishi alikuwa anajiuliza hivyo hivyo, maana alianza kukoroga sufuria iliyokuwa tupu.

Wiki ile sitaisahau. Kijiji kizima kilikuja kusaidia. Jirani yetu alileta vikombe vyake vya harusi ambavyo hajawahi kunywea. Mwingine akaleta jogoo, mwingine mablanketi mawili mapya yenye lebo bado. Mwalimu alitufundisha wimbo wa kukaribisha wageni, akatupanga kwa urefu, akatukataza kujikuna. Bibi aliniburuta sakafuni hadi nikaona sura yangu kwenye mbao. Alitoa gauni lake la kazi la bluu, akalipiga pasi ya mkaa, akalitundika ukutani kama picha.

Wageni wakafika, mama mmoja mrefu na wanaume wawili, gari lao limejaa tope hadi kwenye vioo. Ukungu nao ukafika pamoja nao.

Sijui kama umewahi kuona ukungu wa kwetu mwezi wa tatu. Haushuki kutoka juu. Unapanda kutoka ziwani, unakwea jabali kimya kimya, unaingia mpaka vyumbani. Walikaa kwenye roshani wamejifunika yale mablanketi, mbele yao weupe mtupu kama ukuta uliopakwa chokaa. Tukaimba wimbo wetu. Tuliuimba tena. Mpishi alipeleka supu, akasema kwa ile sauti yake nyembamba, "Ziwa liko hapo hapo, mama. Halijaenda mahali."

"Nakuamini, kaka," yule mama akajibu, akicheka. Alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililotuumiza zaidi baadaye.

Asubuhi ya pili ukungu ulikuwa mzito kuliko wa kwanza. Bosi alikuwa anatembea huku na huku, kila akipita anaupungia mkono kama anafukuza inzi. Ndipo Bibi akafanya jambo ambalo mfanyakazi wa nyuma hakuruhusiwa kulifanya. Alivaa gauni la bluu, akatoka mbele kwenye roshani, akamshika yule mama mkono.

"Mwanangu, sogea hapa. Fumba macho, maana hata ukiyafumbua ni kazi bure." Yule mama akafumba. "Sasa sikiliza. Huyo jogoo ni wa Wampembe. Hiyo injini ni mitumbwi inarudi na dagaa. Huo mlio kama mtu anapiga makofi ni wanawake wanafua kwenye mawe. Upande huu wa kulia kuna mwamba mwekundu, jua likizama unawaka. Pale mbele, siku ikiwa njema, unaona milima ya Kongo."

Wallahi tulisikia vyote. Sauti zilipanda katika weupe ule kama watu wako chumba cha pili. Yule mama alisimama muda mrefu amefumba macho. "Nasikia, bibi," akasema. "Nasikia kila kitu."

Lakini mmoja wa wale wanaume alikuwa na kamera shingoni ambayo hakuwa ameitumia, akamwambia yule mama kwa upole, kwa Kiswahili cha Dar, "Dada, ofisini tutawapelekea nini? Sauti ya jogoo?" Walitakiwa kulala mbali siku ile. Wakatushukuru mmoja mmoja kwa mkono, hata mimi, wakapanda gari, wakaondoka.

Chai waliyoiacha ilikuwa bado ya moto. Nilikuwa nakusanya vikombe vya jirani, kwa woga maana ni vya harusi, nikahisi joto shingoni. Nikageuka. Ukungu ulikuwa unapasuka katikati. Kwanza ulionekana ule mwamba mwekundu, halafu kipande cha bluu, halafu jamani ziwa lote, pana, linang'aa, mitumbwi imetawanyika kama mbegu za ulezi kwenye ungo.

"Limetoka!" nikapiga kelele. "Bibi, ziwa limetoka!"

Watoto wote tukakimbilia barabarani, tunapiga kelele, tunapunga sweta za shule. Gari tuliliona mbali, dogo, linapanda kilima cha pili. Nyuma yetu ikaanza kulia rimu. Pale jikoni palikuwa na rimu ya lori imening'inizwa, mpishi aliigonga kuwaita wageni chakula, na ilisikika mpaka mashambani. Bibi aliikamata kwa nyundo ya kupasulia kuni na kuigonga kama nyumba inaungua. Aligonga, aligonga. Gari likapotea upande wa pili wa kilima. Yeye aliendelea kugonga. Tuliporudi tunahema, vidole vyake vilikuwa vinatoka damu, na Bosi alikuwa amesimama karibu naye, kofia mkononi.

"Inatosha, mama," alisema. "Inatosha."

Bibi akaweka nyundo chini. "Wamesikia," akasema. "Ni ile njia tu. Pale hapana pa kugeuzia gari. Ikikauka watarudi."

Tulihama kabla haijakauka.

Mwaka jana nilipata lifti ya lori la mahindi kupitia Chala, nikaenda kuangalia. Mabati hayapo, mbao zile nilizozing'arisha kwa makalio yangu zimeng'olewa zote. Bafu moja limebaki, mbuzi wanakunywea maji. Jikoni kwetu hapakuwa na dirisha la kuliona ziwa, sasa unaliona kutoka popote, maana kuta zimeanguka. Siku hiyo hapakuwa na ukungu hata kidogo. Nilikaa kwenye kilichokuwa chumba changu cha pembeni, nikalia mpaka dereva akapiga honi. Bibi sikumwambia.

Na hapa ndipo nilipojiponza. Siku ile nilimwomba yule mteja wa supu anitumie picha yake ya kisiwani, nikaipeleka nyumbani, nikidhani Bibi atafurahi kidogo. Tunaishi chumba kimoja cha kupanga. Macho yake yana mtoto wa jicho, yeye huita ukungu. Akaisogeza simu hadi ikagusa pua.

"Wamepaka rangi," akasema. "Na ukungu umetoka. Ona wageni walivyojaa." Akanigeukia. "Sasa nani anawawashia maji?"

Sikumwambia kwamba ile si hoteli yetu. Ungekuwa wewe, ungesema nini?

Asubuhi nilimkuta ameketi mlangoni, amevaa gauni la bluu, limempwaya, kifurushi chake miguuni. "Wataleta gari, au tupande la abiria?"

"Bibi, njia bado mbovu. Mvua."

"Kweli," akasema. "Pale hapana pa kugeuzia." Akarudi ndani kulivua gauni taratibu, asilichafue.

Tangu hapo ni kila siku. Anavaa, anakaa, ananiuliza habari za njia, ananiamini. Mimi huwa naota mambo mengi mema nikikanda unga, hata kuijenga ile hoteli upya nimeshaota, na mpishi wetu amerudi, na mimi ndiye mgeni wa kwanza. Lakini ndoto zangu zote haziwezi kumletea Bibi asubuhi moja tu ya kazi. Na mvua zinakatika. Ulezi umeanza kuiva, na malori ya kutoka Chala yanaingia stendi meupe kwa vumbi.

Jana jioni alipitisha kiganja kwenye ubao wa mlango, akasugua vidole karibu na jicho. "Vumbi hili, mjukuu wangu. Njia imekauka."

Nilichukua kitambaa nikaufuta mlango wote, juu mpaka chini. Leo asubuhi vumbi lilikuwa limerudi, na Bibi alikuwa ameshavaa.