Usukani Uliovunjika Njiru

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine nyingi, mwanangu. Ndiyo siku niliyochanganya gundi na unga wa mbao, nikaziba fundo la ubao lenye ufa, nikapaka vanishi juu yake, nikajiambia kazi imekwisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba alikuwa seremala mtaani Majengo, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, mimi ndiye niliyeshika randa. Watu walikuja kuagiza kitanda, wakakuta msichana amejifunga leso kiunoni anachonga mguu wa meza, wakauliza fundi yuko wapi. Nilishazoea.

Basi akaja kijana mmoja, Odhiambo, fundi wa bodi za mabasi, aliyepanga chumba Umoja wakati kuta za mtaa ule zingali mpya. Alikulia kando ya ziwa, na miaka ya mjini ilikuwa imemtia hamu ya maji. Uani alikuwa amejiundia mashua ndogo ya watu wawili. Alichokosa ni mlingoti wa kubeba tanga, na usukani pamoja na mpini wake. Wenzake walimcheka, wakamwuliza kama tanga lake litasukumwa na moshi wa magari. Lakini yeye alikuwa ameona machimbo ya mawe kule Njiru, yaliyoachwa yakajaa maji ya mvua, na upepo wa nyika ukipita juu yake.

Nilimpenda kabla sijamaliza kupima mlingoti wake. Nasema wazi, maana umri huu una faida yake.

Mlingoti niliuchonga vizuri, saipresi iliyonyooka. Usukani ndio ulioniponza. Ubao niliokuwa nao ulikuwa na lile fundo katikati. Kupata mwingine kungechukua wiki nzima, na yeye alikuwa amesema Jumapili. Nami niliitaka hiyo Jumapili. Baba aliniuliza kama ubao ni mzima. Nikamjibu ni mzima.

Tuliisukuma mashua kwa mkokoteni hadi Njiru, majirani wakitufuata kama watu wa harusi. Tanga lilijaa upepo, mashua ikakata maji, akina mama wakapiga vigelegele. Odhiambo alipotaka kugeuza, usukani ukakatika. Mashua ikazunguka ovyo, ikagonga mwamba, naye akatumbukia. Aliogelea akatoka bila jeraha. Watu walicheka hadi machozi, naye akacheka nao, ila macho yake hayakucheka.

Njiani tukirudi alisema kosa ni lake. Mkono wake umesahau maji, amekuwa mtu wa mji tu. Kesho yake nikasikia anataka kuivunja mashua, mbao zikawe kuni. Siku tatu nilinyamaza, na ugali ukawa mchanga kinywani.

Baba alikiona kile kipande cha usukani uliokatika, nilichokuwa nimekificha nyuma ya mbao. Alikigeuza, akakwaruza gundi kwa ukucha. Hakupaza sauti.

“Ubao umeshasema,” akaniambia. “Wewe je?”

Akarudi kwenye kazi yake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami siku hiyo niliona wanasema nami.

Nilitembea kwa miguu hadi Umoja, kipande kile mkononi, njia nzima nikipanga maneno matamu. Nilipofika yote yalinitoka, maana nilimkuta ameshika shoka. Nikamwonyesha ufa, nikamwambia niliuona mapema, nikauziba kwa sababu nilitaka anisifu Jumapili.

Alikipapasa kipande kile muda mrefu.

“Kwa hivyo si mkono wangu uliosahau,” akasema.

“Si wako. Ni wangu uliodanganya.”

Akaweka shoka chini. Nilingoja hasira, nikaona uso wake unakunjuka kama wa mtu aliyepata habari njema kutoka nyumbani. Hapo ndipo nilipoelewa: nilidhani naficha kosa langu tu, kumbe nilikuwa nimemwibia mtu imani yake.

Usukani wa pili tuliuchonga pamoja, wa mvule. Baba aliugonga kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Safari hii nilipanda mashuani mimi mwenyewe. Tulizunguka machimbo yale mara tisa, nguo zimelowa, nikicheka hadi mbavu zikauma, na baba ukingoni amevua kofia anatupungia. Mwaka uliofuata tulioana.

Basi shika hili, mwanangu. Kila mti una mafundo yake, na kila fundi ana siku yake ya kukosea. Ukikosea, sema mwenyewe na useme mapema, kabla mwenzako hajajitwika lawama isiyo yake. Aibu ya kukiri ni ya siku moja, nimeipitia, inapita. Mungu aibariki mikono yako, na akupe moyo wa kusema kweli hata pale unapotaka sana kupendwa. Amina.