Mke wa Muuza Ndoo

Udongo wa kufinyangia haupatikani huku juu Newala. Juu ni mchanga mwekundu tu, unaokunywa mvua yote usibakize tone. Nilikuwa nikishuka bondeni upande wa Kitangari alfajiri, wakati ukungu umelala chini ya mteremko, nami najiona kama ninayetumbukia kwenye maziwa. Sauti za wanawake waliotangulia kuteka maji zilipanda kutoka humo, wenyewe hawaonekani. Nilichimba, nikafunga udongo kwenye kanga kuukuu, nikaupandisha kichwani. Kesho yake nilishuka tena kufuata maji ya kuukandia.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa, na sokoni akatokea bwana mmoja wa Masasi na ndoo za plastiki, nyekundu na bluu na manjano, kazipanga moja ndani ya nyingine hadi zikampita urefu. Wateja wangu wa mitungi walianza kunisalimia kwa upole uliozidi, kama mtu anavyosalimiwa matangani, kisha wakapita kwenda kwake. Sikuwalaumu. Ndoo haivunjiki, na kilimani ni nyepesi. Mimi mwenyewe nilinunua moja ya bluu.

Nikaacha kwenda sokoni. Nilifinyanga nyumbani, chini ya kibanda cha makuti, kwa sababu mikono ilikuwa haijui kazi nyingine.

Adhuhuri moja, nimetoka tu kuunyunyizia maji udongo mkavu, mwanamke mjamzito alisimama penye ua. Akaniamkia, nikamwitikia. Alisema alikuwa anapita njia, harufu ikamvuta. Nikamtandikia mkeka. Alikaa akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, na mimi nikaendelea na kazi. Nilipogeuka nilimwona anatia kidonge cha udongo mkavu mdomoni. Aliona haya. Nikamwambia hata mimi mimba zangu mbili nilizibeba hivyo hivyo.

Nilimuuliza mwenyeji wake ni nani hapa Newala. Akainamisha kichwa. Alisema mumewe ndiye yule anayeuza ndoo.

Mkono wangu ukasimama juu ya chungu. Nadhani aliuona.

"Ukitaka niondoke, mama, nitaondoka," alisema.

"Kaa," nikamwambia. "Jua kali."

Tangu siku hiyo alikuja kila mchana. Alinieleza kwamba maji ya nyumbani kwake yalikuwa na ladha ya ndoo, hayakai tumboni. Nikawa namtekea kwenye mtungi wangu wa ndani, anakunywa kwa mkupuo, mpaka kata inakauka. Alizungumza nusu Kiswahili nusu Kimakhuwa. Nilichokielewa nilikijibu, kingine nilikiacha kipite kama mvua iangukayo juu ya bati la jirani. Nilimpa kokoto laini asugue matumbo ya mitungi kabla haijakauka. Alisugua polepole, mkono mmoja kwenye mtungi, mwingine kwenye tumbo lake, mpaka usingizi unamchukua ameketi. Kuna alasiri nyingine sijui hadi leo kama tulizungumza au niliota.

Kisha zikapita siku tano hajaonekana. Ya sita akaja mumewe. Alivua kofia, akakataa kukaa. Akasema mkewe amejifungua hospitali, mtoto wa kike, uchungu ulikuwa mrefu lakini wote wazima. Akaitazama mitungi yangu mmoja mmoja.

"Mama, mke wangu hayataki maji ya ndoo," alisema. "Nimekuja kuomba mtungi."

Mtungi mpya haufai siku hiyo hiyo. Maji yake hunuka moshi mpaka uzoee. Nikaingia ndani nikautoa wa kwangu, una maji nusu. Alitaka kuupokea, lakini niliona anaushika ukingoni, kama ndoo. Nikautwika mwenyewe. Tulikwenda hivyo hadi hospitali, tukipita katikati ya soko, mimi mbele na mtungi wangu, muuza ndoo nyuma yangu na kofia mkononi. Watu waliacha kupatana bei wakatutazama.

Mkewe alikunywa kata mbili, akalala.

Msimu wa korosho ulipokwisha walirudi Masasi na mtungi ule. Haukupita muda, wageni wakaanza kunijia kutoka huko, wengi wao wajawazito, waliopanda mlima kwa lori kuja kuwatembelea ndugu. Walisema kuna mama mmoja amewaelekeza. Baadhi walinunua. Wengine walikaa tu mkekani, wakanusa udongo uliolowa, wakalala kidogo, wakaaga. Nilikuwa nimeshazoea kuwawekea vidonge vya udongo safi kwenye ungo mdogo, udongo niliouchekecha na kuuanika mahali kuku hawafiki.