Kamba ya Nanga na Viganja vya Nyanya

Nakumbuka, mwanangu, Idi pili ya mwaka mmoja katika miaka ile ya hamsini, tulipofunga safari ya kwenda Funzi kutembea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilijiona nahodha kuliko manahodha wote wa Msambweni. Usicheke. Hata wewe juzi nilikuona unavyotembea baada ya kununua baiskeli.

Tulijaa ndani ya mashua ya Baba: Baba na Mama, ami yangu na mkewe, binti yao Mwanasha, watoto wadogo, na Nyanya Mwanahamisi, mama yake Baba. Kulikuwa na masufuria, vikapu vya mahamri na madafu, na kila mtu alikuwa na nguo mpya. Baba alikuwa ameniahidi kwamba baada ya Idi nitaanza kupeleka nazi Gazi kwa mashua ile, mimi mwenyewe nikiwa nimeshika usukani. Ahadi hiyo nilikuwa naiota hata nikiwa macho.

Tulifika maji yakiwa yamekupwa. Baba akanipa nanga niitie, akasema, "Bakari, leo ni bamvua. Maji haya yatajaa sana. Toa kamba yote, kisha ukae na Nyanya yako chomboni mpaka nirudi." Nyanya hakutaka kushuka. Magoti yalikuwa yanamsumbua, na alisema pweza wa Funzi ameshawaona vya kutosha. Baba na ami wakaenda kijijini kuamkia watu na kuswali adhuhuri huko. Wanawake wakashuka kupika ufukweni.

Nilitia nanga, lakini kamba sikuitoa yote. Ukitoa kamba ndefu chombo huzunguka na kusogea mbali, nami nilitaka kisimame palepale, karibu na pwani, ili nikiruka majini Mwanasha anione. Hiyo ndiyo sababu, wala sina nyingine. Nikaiacha kamba iliyobaki imekunjwa kwenye omo, mbele ya chombo, nikaifunika kwa gunia.

Maji yakaanza kujaa. Harufu ya samaki wa kuchoma ikanifikia, na vicheko vya akina Mwanasha pia. Nyanya akaniona ninavyohangaika, akasema, "Nenda ukale, mjukuu wangu. Mimi nitalala kidogo. Lakini kamba umeitoa yote?"

"Nimeitoa, Nyanya," nikamjibu, na kabla hajasema neno jingine nimesharuka.

Nilikula, nikafurahi, nikapiga soga mpaka nikasahau kama kuna chombo. Ilikuwa siku njema kweli. Mwanasha alinimenyea chungwa, basi mimi nikahisi nimeshaposa. Nilipoinua macho kuangalia bahari, mashua haikuwa pale nilipoiacha. Maji yalikuwa yameinyanyua, kamba fupi ikaing'oa nanga, na mkondo ulikuwa unaivuta kuelekea kwenye miamba. Na Nyanya yumo ndani.

Wanawake walikuwa wameinamia masufuria, hawakuona. Sikupiga kelele, kwa sababu ya aibu, na hilo nalo lilikuwa kosa. Nilikimbia nikajitupa majini, nikaogelea huku nalia, mwanangu. Nakwambia wazi kwamba nililia.

Nilipokaribia, niliona mashua imesimama. Nikapanda. Nyanya alikuwa ameketi omo, gunia liko kando, na kamba yote imekwenda majini. Alikuwa ameitoa mwenyewe, pima baada ya pima, mpaka nanga ikashika tena. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, vyekundu kabisa. Alikuwa anavichovya kwenye kata ya maji matamu.

Hakunigombeza. Alisema polepole tu, "Kamba kuwa fupi ni jambo la kujifunza. Lakini nilikuuliza, Bakari, ukanijibu. Nikalala kwa neno lako."

Nikamwomba radhi. Akaniambia radhi amenipa. "Sasa umwambie babako kabla hatujaanza safari ya kurudi. Usipomwambia, mimi sitamwambia. Lakini chombo unachokishika wewe sitakipanda tena maisha yangu."

Alasiri, nikiwa nimeshairudisha mashua karibu na ufukwe kwa makasia, Baba na ami wakarudi. Sote tukakusanyika mashuani, sinia la pilau likawekwa katikati. Mama akaona viganja vya Nyanya, akashtuka: "Mama, umefanyaje mikono?" Nyanya akatazama baharini. Mwanasha alikuwa mbele yangu kabisa. Niliiona safari ya Gazi inaondoka, na heshima yangu nayo inaifuata.

"Shikamoo, Baba," nikasema. Tulishaamkiana asubuhi, kwa hiyo akajua kuna jambo. Nikamweleza yote: kamba, gunia, na uongo niliomwambia Nyanya. Sikuficha hata habari ya kutaka kuonwa, ingawa sikutaja na nani.

Baba akasema, "Gazi huendi mwaka huu," akanisogezea nyama ya sinia, akaendelea kula. Tulirudi nyumbani jua bado liko juu, watoto wanaimba, na Nyanya akaniita nikae ubavuni pake.

Mwaka uliofuata Baba alinikabidhi usukani. Abiria wa kwanza kupanda alikuwa Nyanya, na mto wake wa kukalia. Tulipotia nanga Gazi akaniuliza, "Umeitoa yote?" Nilimshika mkono nikampeleka omo akaone mwenyewe mbao tupu. Akaona, akarudi kwenye mto wake, akalala usingizi.

Na Mwanasha, niliyemwoa baadaye, ndiye huyo unayemsikia jikoni. Mpaka leo akinitania huniuliza habari ya kamba.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kukosea utakosea, nami sitakuchukia kwa hilo. Lakini mtu akikuuliza, ujue anataka kulala kwa neno lako, kwa hiyo mpe neno la kweli hata likikuaibisha. Na ukishateleza, sema mwenyewe, mapema, mbele ya yule uliyemuumiza. Mwenyezi Mungu akupe ulimi mkweli, akuhifadhi baharini na nchi kavu, na wazee wako wapate kulala vizuri wakiwa mikononi mwako. Amin.