Bibi wa Papa Célestin

Hapa Morogoro kila mtu anajua nilijisomesha Brussels kwa kuosha vyombo mgahawani, nikarudi na shahada ya anthropolojia. Shahada imetundikwa sebuleni. Wageni huisifu, mimi siwezi kuitazama.

Tasnifu yangu ilihusu undugu wa Wakongo wa mtaa wa Saint-Josse, hukohuko Brussels, na bila tasnifu hakuna shahada. Mwalimu alinishauri nitafute mkalimani. Mimi, mkalimani wa Kiswahili? Nilicheka.

Papa Célestin, fundi viatu wa miaka sabini, alinipokea dukani kwake. "Bon, bibi yangu ndiye ananipikia," alisema. "Bila yeye siwezi lala."

Mzee huyu bado ana bibi? Nilipoonyeshwa huyo bibi, hakuzidi miaka hamsini. Mwenye akili angeuliza. Mimi msomi niligundua mila: mwanamke kijana hurithi cheo cha bibi aliyekufa, na mjukuu hulala chumbani mwake kwa heshima. Kwetu tunasema "bibi harusi" kila Jumamosi, wala sikukumbuka. Niliandika kurasa arobaini.

Siku ya kutetea tasnifu niliwakalisha wote wawili mstari wa mbele, wanishangilie. Nikasoma kwa Kifaransa, kwa madaha, habari za Papa na nyanya yake.

Papa akasimama. "Alors, mutoto, unasema mimi nilioa nkambo yangu, mama wa mama yangu?"

Mkewe alipita mbele ya walimu, mmoja mmoja, akiwaonyesha pete.