Jibu la Swali la Kwanza

Mashine ya fotokopi imegoma tena. Injinia anaipiga kofi moja ubavuni, bila hasira, na mashine inaguna kisha inaanza kutema karatasi. Wateja waliobanana kwenye kaunta wanacheka. Mmoja anamuuliza kama hicho ndicho alichosomea. Injinia anacheka naye. Swali hilo ameshalizoea.

Ni asubuhi, na duka hili linalotazamana na lango la chuo limeshajaa. Ni chumba chembamba chenye printa mbili, feni isiyogeuka shingo na pazia la maua linalokata chumba nusu. Ukutani imetundikwa picha ya Injinia akiwa ndani ya joho. Hakuitundika yeye. Aliyeitundika ni mwenye duka, mama mstaafu wa kazi ya uchapaji, anayeamini kuwa picha hiyo huvuta wateja.

Injinia ni jina alilopewa na mtaa. Ana umri wa miaka ishirini na saba na shahada ya sayansi ya kompyuta, na huu ni mwaka wa nne anatoa fotokopi mbele ya chuo kilichompa shahada hiyo.

Mama yake ni fundi cherehani, aliyemsomesha kwa kushona sare za shule. Binti alipohitimu, mama alitangaza kwamba nyumbani kwake sasa kuna mtu wa kompyuta. Mtaa ulisikia, na wiki hiyo hiyo watu wakaanza kuleta pasi, redio na rimoti zao.

"Nikisema sijui, wanasema nimeanza kuringa," ananiambia. "Basi pasi nimejifunzia hapa hapa mtaani. Chuoni hawakufundisha pasi."

Siku ya mahafali mgeni rasmi aliwaambia wahitimu kuwa dunia ya leo ni yao. Walipiga makofi. Katika darasa lao la watu arobaini na wawili, Injinia anawafahamu watano tu wanaolipwa kwa kuandika programu. Kati ya wengine, mmoja ni karani wa benki, mwingine anauza viatu kwa simu, wawili wanafundisha hesabu shule ya msingi. Wengi waliobaki, ukiwauliza habari za kazi, hujibu neno moja: bado. Matangazo yanataka uzoefu wa miaka mitatu, na hakuna tangazo linalosema uzoefu huo unauzwa duka gani.

Biashara yenyewe ya duka hili iko nyuma ya pazia. Huko wanafunzi wa mwaka wa mwisho huja kuandikiwa programu za kupatia shahada. Malipo ya programu moja yanazidi ujira wake wa mwezi mzima wa fotokopi. Injinia hajitetei. Anasema anajua ni vibaya, na anajua pia ni nani analipa kodi ya chumba anachoishi na mama yake.

Lakini kulikuwa na programu moja ambayo hakuiandika kwa ajili ya kuuza.

Shangazi yake anauza dawa kwenye duka dogo, na Injinia alikaa naye mwezi mzima akiangalia dawa zinavyoingia na kutoka. Akamwandikia programu ya kuhesabu dawa, kuonya zinapokaribia kuharibika na kusema lini ziagizwe. Alitaka hiyo ndiyo iwe ya kuwaonyesha waajiri, chema chajiuza.

Kikajiuza kweli. Mama aliugua mgongo, cherehani ikanyamaza miezi miwili, na hapo akaja kijana mmoja aliyekuwa akirudia mwaka. Chuoni walimwita Tai, kwa sababu alivaa tai hata siku za jua kali. Alitaka programu kwa haraka na alikuwa na fedha mkononi. Nyingine haikuwepo, na Tai akaapa kuwa anaitaka kwa wahadhiri tu, wakishaiona basi. Injinia akampa nakala.

Miezi michache baadaye, kampuni moja inayotengeneza programu za maduka ya dawa na zahanati ilimwita kwenye usaili. Mama yake alimshonea sketi mpya kwa siku mbili, mgongo ukiwa bado unauma. Mbele yake walikaa watu watatu. Alifungua kompyuta yake, akaanza kueleza, na kabla hajafika mbali yule wa katikati akainua mkono.

"Hii tumeshaiona," alimwambia. "Kuna kijana alituonyesha wiki iliyopita. Wewe umeitoa wapi?"

Angeweza kusema ni yake. Ila wangemuuliza imefikaje kwa mwingine, na jibu ni kwamba aliiuza, na swali la tatu lingekuwa amewauzia wangapi. Nyuma ya jibu hilo kulikuwa na vyeti vya watu wengi. Alisema samahani, akafunga kompyuta na kutoka. Nyumbani alimwambia mama kwamba nafasi zimejaa. Sketi ile haijavaliwa tena.

"Kukosa kazi nimezoea," anasema. "Kuitwa mwizi wa kitu changu, na mimi nikaitikia kwa samahani, hilo halijanitoka."

Tai aliajiriwa. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: baada ya wiki tatu alipiga simu dukani. Amepewa kazi ofisini, haielewi, anamwomba Injinia, anayemwita dada, amsaidie. Akamsaidia. Akasaidia tena, kwa malipo kidogo yanayokuja Tai akikumbuka. Siku hizi karibu kila kitu kinachotoka kwenye meza ya Tai huandikwa nyuma ya pazia hili, wateja wa fotokopi wakisubiri.

"Kazi niliipata," Injinia anasema. "Mshahara ndio umekosea nyumba."

Mwenye duka, anayesikiliza huku akipanga karatasi, anasema yeye angeshamzimia huyo kijana simu zamani. Injinia anamjibu kwamba simu ya Tai ndiyo mlango pekee uliobaki kati yake na kazi aliyoisomea, na hata mlango wa uani ni mlango. Mama anarudi kwenye karatasi zake.

Mwezi uliopita Tai alileta malalamiko ya wateja wa kampuni. Ile programu ya dawa, ambayo sasa kampuni inaiuza kama ya Tai, ina kasoro: inasema dawa imekwisha wakati rafuni bado kuna paketi kumi. Ofisini wameitafuta kasoro hiyo hawaioni. Tai akamwomba Injinia airekebishe.

Si kasoro. Shangazi yake Injinia huacha paketi kumi za dawa ya homa ya watoto nyuma ya rafu, na wanunuzi wa kawaida huambiwa imekwisha. Hizo ni za mzazi atakayekuja mbio kabla mzigo mpya haujafika. Injinia aliliona hilo kwa macho yake, na akaifundisha programu kudanganya kama shangazi. Tai hajawahi kuuliza, na Injinia hakurekebisha. Alimjibu kwamba bado anaangalia.

Kisha likaja tangazo: kampuni ile ile inatafuta mtu mwingine. Injinia aliomba bila kumwambia Tai, na ameitwa. Siku mbili baadaye Tai akapiga simu kwa furaha. Amepandishwa, sasa atakaa kwenye jopo la usaili, na ameambiwa atunge maswali. Je, dada anaweza kumtungia, na majibu yake?

Ninamuuliza kama kutunga mtihani utakaoufanya mwenyewe si udanganyifu. Anakubali bila kuzunguka kuwa ni udanganyifu. Anasema amefanya mwingi kwa ajili ya vyeti vya wengine, na huu ni wa mwisho. Pazia la dukani litaondolewa, apate kazi au asipate. Mwanafunzi akitaka, atamfundisha kuandika mwenyewe, kwa bei ya fotokopi.

Aliniruhusu kuandika haya kwa sharti kwamba nisitaje majina. Nilimuonya kuwa Tai anaweza kusoma kabla ya siku ya usaili. Hilo ndilo lililomchekesha kuliko yote. "Tai akipata cha kusoma kirefu hunitumia mimi nimfupishie," anasema. "Na hiki akinitumia, nitamfupishia."

Usaili ni Jumanne ijayo. Sketi iko kwa mama, inapunguzwa kiuno. Kwenye jopo, wawili wa zamani wameondoka. Yule wa katikati bado yupo.

"Huyo ndiye ninayemtaka," Injinia anasema.

Ananionyesha swali la kwanza kwenye skrini: Kwa nini programu hii inasema dawa imekwisha wakati bado ipo? Mpango wake ni kulijibu taratibu, amtaje shangazi na paketi zake, kisha amgeukie Tai aliyeuliza, mbele ya yule wa katikati, amwombe aseme kama amepatia.

Ninamkumbusha kwamba Tai aliomba na majibu.

"Ya mengine yote nimempa," anasema, huku akiinuka kwenda kuipiga mashine kofi. "La kwanza nimemwambia halihitaji jibu, maana aliyeiandika programu analijua. Hajauliza tena."