Kila Nyumba Mkungu Mmoja

Siku ile kwenye ua wa kanisa, Muleba, tulikuwepo mimi, wadogo zangu wawili, shangazi yetu, katekista, na familia nne zilizotoka ng'ambo ya kilima, ambako mvua ya mawe ilikuwa imelaza migomba yote. Lori la unga la serikali ya Mwingereza lilisemekana liko njiani kutoka Bukoba. Lilisemekana hivyo tangu Jumatatu.

Nilijitolea kupika. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikabaki na wadogo zangu na shamba, kwa hiyo sufuria kubwa haikunitisha. Katekista alikuwa ameomba kila nyumba ilete mkungu mmoja, na kweli mikungu ililetwa, ikapangwa ukutani. Nikaikagua mmoja mmoja. Yote embire, ndizi za kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi, chungu hata ukizichemsha kutwa. Kila mwenye nyumba alikuwa amewaza kwamba mkungu wake utapotea katikati ya mizuri ya majirani.

“Ndizi ni ndizi,” katekista akasema kwa sauti ndogo.

“Basi, Mwalimu, tuanze kukuonjesha wewe,” shangazi akamjibu. “Hawa wameharibikiwa migomba, hawajaharibikiwa ulimi. Na huo wa pembeni si wako?”

Katekista akageukia barabara, kama mtu aliyesikia lori.

Watoto wa wageni walikuwa wanalia. Shambani kwangu ulikuwepo mkungu mmoja tu uliokomaa, chakula chetu cha siku zile. Nikaukata. Haukutosha, nikamwomba shangazi wa kwake.

“Chukua. Lakini utanirudishia ulioshiba kama huu, mwanangu. Usije ukaniletea kijimkungu.”

“Na sisi tutakula nini, dada?” mdogo wangu akauliza.

“Viazi.”

“Jana pia viazi.”

“Na kesho.”

Wageni walikula wakashiba. Alasiri wenye embire zao wakaja, mmoja baada ya mwingine, kuzichukua wakakamue, eti zisioze bure. Wakanisaidia hata kufagia maganda.

Miezi ilipita kabla sijapata mkungu wa kumpelekea shangazi. Akaupapasa, akaupima kwa viganja, akanitwika tena kichwani.

“Bado,” akasema.

Nikarudi nao nyumbani nimenuna. Mgomba mwingine niliokuwa nautegemea ulikuwa ndiyo kwanza umetoa ua.